Orodha ya Mwalimu na Kitabu cha Chini ya Dawati

Mwanafunzi wa Tanganyika aliyetaka riwaya ya Kiswahili mwaka 1929 aliletewa maharamia. Ndio wakati Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson kilipotoka kwa Kiswahili, kikifuatana na Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard. Katika tafsiri zote mbili umo mkono wa Frederick Johnson, ofisa wa Idara ya Elimu ambaye mwaka 1930 alikabidhiwa ukatibu wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1932 akaongeza Safari za Gulliver. Johnson alikuwa fundi wa lugha, hilo hakuna anayembishia. Lakini ni vigumu kuzuia tabasamu mtu akikumbuka kwamba hadithi ya Waingereza wanaokuja Afrika kusaka almasi za watu ndiyo iliyochaguliwa kuwaonjesha watoto wa Kiafrika raha ya kusoma.

Tangu hapo swali la kijana asome riwaya gani limekuwa likijibiwa na mtu aliye juu yake: mmisionari, idara ya elimu ya mkoloni, jopo la mitaala, na baadaye mfadhili wa tuzo. Kila mmoja alikuja na orodha yake, na kila orodha ilikuwa na hoja. Pembeni, vijana wenyewe walikuwa na orodha yao isiyoandikwa popote, vitabu vinavyopita mkono kwa mkono na kusomwa chini ya dawati wakati mwalimu wa hisabati amelipa darasa mgongo. Historia ya riwaya ya vijana kwa Kiswahili imo kati ya orodha hizo mbili. Vitabu vilivyodumu ni vile vichache vilivyoingia katika zote.

Pwani, hata hivyo, haikungoja wageni ndipo iwaandikie vijana wake. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha ambao wasichana wa Lamu na visiwa jirani waliuhifadhi kwa vizazi kadhaa. Si riwaya, na wasomaji wa leo wanayo mengi ya kuubishia kuhusu nafasi ya mke mbele ya mume. Lakini ni maandishi ya mtu anayejua msomaji wake ni nani na nini kinamsubiri mbele, sifa ambayo waandishi wengi wa vitabu vya shule wa karne iliyofuata hawakuwa nayo.

Masimulizi ya nathari yalianza kuchapwa Unguja katika miaka ya 1860, Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipoweka mtambo wa chapa na kuwafundisha kazi vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mkusanyo wake mkubwa wa ngano ulitoka London mwaka 1870. Humo mna Goso, mwalimu aliyesomesha chini ya mbuyu hadi buyu likamwangukia kichwani akafa. Mna punda wa dobi. Mna paa anayemtajirisha masikini, naye masikini akishakaa katika jumba la kifalme anamsahau paa wake, ambaye anakufa kwa uchungu. Steere alizikusanya kwanza kwa faida ya watu wanaojifunza lugha, lakini ngano zenyewe ziliingia katika vitabu vya kusomea, na mpaka leo watoto wanazisikia bila kujua zilipitia wapi.

Mwanzo wa orodha rasmi ni mikutano miwili, wa Dar es Salaam mwaka 1925 na wa Mombasa mwaka 1928, ambako Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati iliyozaliwa hapo haikushughulika na kamusi na tahajia peke yake. Ilisoma miswada, ikasahihisha, ikatoa kibali kwa vitabu vya shule. Mwandishi aliyetaka kuingia darasani alipaswa kupita mlango huo, na lugha yake ilipigwa msasa hadi ikafanana na ya wenzake. Wamvita na Waamu walilalamika, na walikuwa na haki. Kwa upande mwingine, kitabu kimoja sasa kiliweza kusomwa Tanga, Tabora na Kisumu bila kufasiriwa upya.

Kati ya vitabu vya zama zile viwili vinastahili kutajwa. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934, kilisimulia habari za watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, Mombasa. Kilisomwa shuleni kwa miaka mingi, na kilikuja kulaumiwa vikali kwa jinsi kinavyomshukuru Mwingereza. Cha pili ni Elisi Katika Nchi ya Ajabu cha mwaka 1940, tafsiri ya E. V. St. Lo Conan-Davies. Katika michoro yake Elisi ni mtoto wa Kiafrika. Uamuzi huo mdogo wa mchoraji ulikuwa hatua kubwa kuliko dibaji zote za maofisa wa elimu, kwa sababu msomaji alifungua kitabu akamkuta mtu wa sura yake ndani ya hadithi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali za kikoloni ziliona kwamba shule zimezalisha wasomaji wengi kuliko vitabu. Mwandishi Elspeth Huxley alipewa kazi ya kulichunguza jambo hilo, na mwaka 1948 ikaanzishwa Nairobi Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, chini ya Charles Richards. Idara hiyo ilichapa, ilikopesha vitabu, na kubwa zaidi, iliitisha mashindano ya uandishi.

Shaaban Robert tayari alikuwa anaandika. Adili na Nduguze ilitoka 1952, na pengine ndiyo hadithi ndefu ya Kiswahili iliyowafaa watoto kuliko yoyote ya kabla yake, ingawa mwenyewe hakuiwekea alama ya umri. Liwali Adili wa Janibu ana manyani wawili ambao kila usiku hulazimika kuwapiga, kisha huwahurumia na kulia nao. Mfalme Rai wa Ughaibuni anataka kujua kwa nini. Wale manyani ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Mtoto wa miaka kumi na miwili akiisikia habari hiyo katika kurasa za mwanzo, hawezi kukiweka kitabu chini mpaka ajue ilikuwaje. Kiini cha kisa kinatoka katika Alfu Lela U Lela. Shaaban Robert alikichukua akakivisha maadili yake, na yeyote anayedai kwamba maadili huua utamu wa hadithi aisome tena.

Mashindano ya Idara ya Vitabu ya mwaka 1957 na 1958 yalileta kitu ambacho hakuna jopo lililokiagiza. Mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Unguja, na riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapwa 1960. Hapo ndipo Bwana Msa alipoingia mjini na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Mpelelezi huyu hakimbizani na mtu wala hafyatui risasi. Anakaa, anavuta, anauliza swali moja ambalo wenzake wamelipita. Ndugu zake wa Kiingereza wanajulikana, lakini mazungumzo yake ni ya barazani Unguja, yenye utani na mafumbo, na ushirikina anaufumbua kwa akili badala ya kuufokea. Vijana walimpenda. Mwaka huohuo wa 1960 ikatoka pia Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, riwaya fupi ya maisha ya kijijini Unguja, nayo ikapokewa vizuri mashuleni.

Uhuru ulipokuja, orodha ilibadilisha wenyewe. Nyumba za uchapishaji za Kiafrika zilianzishwa, East African Publishing House mjini Nairobi mwaka 1965 na Tanzania Publishing House mjini Dar es Salaam mwaka 1966. Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa 1967 vilitaka fasihi ijenge raia mpya. Kijana wa riwaya za miaka ile alitoroka kijijini, akadanganywa na taa za mji, akateseka, akarudi kulima. Nyingi zimesahauliwa kwa haki. Tofauti na hizo, Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka 1975, iliikamata hamu na taabu ya kijana anayeukimbilia mji kwa jicho la mtu aliyeyaona maisha yenyewe.

Ndipo orodha ya chini ya dawati iliponenepa.

Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Msichana wa Ukerewe analelewa kwa mkono wa chuma na baba yake, Zakaria, anafika shule ya bweni hajui lolote kuhusu wanaume, na anaangamia. Wakubwa walitikisika, riwaya ikazuiwa shuleni. Katazo lenyewe likawa tangazo. Miaka ikapita na kitabu kilekile kikarudi shuleni kama kitabu cha fasihi, kikachambuliwa dhamira na wahusika kwa utulivu kana kwamba hakuna aliyewahi kukiogopa. Hakuna riwaya nyingine ya Kiswahili iliyoonyesha waziwazi hivyo kwamba kitu kinachowahusu vijana moja kwa moja ndicho ambacho watu wazima huchelewa kuwaruhusu wakisome.

Elvis Musiba hakungojea ruhusa. Kufa na Kupona ya 1974 ilimleta Willy Gamba, jasusi wa Kitanzania anayepambana na vibaraka wa makaburu, anayejua magari, silaha na wanawake wazuri. Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango, kisha akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Heko. Wahakiki wa chuo kikuu waliziita riwaya pendwa, neno walilolitamka kwa midomo iliyobanwa. Wavulana wa sekondari walizisoma hadi majalada yakang'oka. Jarida la Sani nalo lilileta katuni za Madenge na Ndumilakuwili, na upande wa Kenya Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo. Hakuna mtaala uliowataja. Ukihesabu waliowafanya vijana wazoee kusoma kurasa nyingi mfululizo kwa Kiswahili, hao ni wa mbele, na historia za fasihi zinazowapa aya moja zinawadhulumu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Idara ya Vitabu ikaenda nayo. Tawi la Nairobi likawa msingi wa Kenya Literature Bureau. Tanzania iliingia miaka ya 1980 na uhaba wa karatasi, wa fedha za kigeni, wa kila kitu. Ilikuwa imewaandikisha shule mamilioni ya watoto chini ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na haikuwa na vitabu vya kuwapa.

Kitovu cha uchapishaji kikahamia Nairobi, na sababu yake ilikuwa mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Kwa usiku mmoja wachapishaji wakapata soko ambalo wazazi hawakuweza kulikwepa. Waandishi wa Zanzibar walifaidi mapema: Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyokuwa imetoka 1980, ikawa kitabu teule, na vijana wa Nyeri na Kakamega wakajifunza misemo ya Unguja ili wafaulu insha. Soko la mtihani lina ubaya wake pia. Kikichaguliwa kitabu kimoja, mamia ya maelfu ya nakala huuzwa. Kisipochaguliwa, mchapishaji hubaki nacho ghalani. Mwandishi mwenye busara hujifunza haraka kuandika kwa ajili ya jopo.

Ken Walibora alifanikiwa kuandika kwa ajili ya jopo na vijana pia. Alizaliwa magharibi mwa Kenya, akawa ofisa wa urekebishaji tabia kabla ya kuingia katika utangazaji, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Mwaka 1996 Longhorn ilimchapia Siku Njema. Kongowea Mswahili ni kijana wa Tanga, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, watu wanamwita mwanaharamu, naye anafunga safari ya kumtafuta baba asiyemjua, hadi Kitale. Ni hadithi ya yatima na njia ndefu. Kilichowateka wasomaji ni lugha, iliyosheheni methali na tamathali, na mhusika ambaye jina lake tu linauliza Mswahili ni nani. Mwandishi wa bara alimpeleka kijana wa pwani bara, na wasomaji wa pande zote wakamkubali. Kilipoteuliwa kuwa kitabu cha shule, wanafunzi walikwisha kukipenda. Wengi walinakili sentensi zake katika madaftari na kuzipachika katika insha, na watahini walizifahamu mara moja.

Walibora hakuwaacha wadogo. Ndoto ya Amerika, iliyochapwa na Sasa Sema mwaka 2001, inawazungumzia watoto wanaoiota Amerika kama pepo ya duniani, na ilimpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Sasa Sema ilikuwa kampuni ndogo yenye jicho kali: ndiyo iliyochapa pia Abunuwasi cha mchora katuni Gado mwaka 1996, hekaya za zamani katika umbo la vikatuni. Kidagaa Kimemwozea, ya mwaka 2012, ilimweka Walibora katika madarasa ya kidato cha tatu na cha nne kote Kenya, na majina ya Amani, Imani na Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko yakawa yanatumiwa mitaani kuwasema wanasiasa halisi. Alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi. Waliomlilia hadharani walikuwa hasa watu waliomsoma wakiwa na miaka kumi na sita.

Tanzania nayo iliamka mwaka 1991. Serikali ililegeza mamlaka yake juu ya vitabu vya shule, Walter Bgoya aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House akaanzisha Mkuki na Nyota, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ukazinduliwa kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wa mradi ulikuwa rahisi na wa maana: mchapishaji anahakikishiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni, hivyo hafilisiki kwa kumchapa mwandishi asiye na jina. E&D ya Elieshi Lema na Demere Kitunga ilikua katika mazingira hayo, na vitabu vya watoto wadogo vikaongezeka kwa kasi ambayo nchi haikuwahi kuiona.

Kwa vijana wa miaka kumi na miwili kwenda juu, mavuno yalikuwa machache lakini mazito. Mugyabuso Mulokozi, profesa wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika utatu wa riwaya za kihistoria: Ngome ya Mianzi mwaka 1990, Ngoma ya Mianzi mwaka uliofuata, na Moto wa Mianzi mwaka 1996. Zinamrudisha msomaji Uhehe, enzi za Mkwawa na vita dhidi ya Wajerumani, miaka ambayo kamanda wa Kijerumani Zelewski aliuawa Lugalo na ngome ya Kalenga ikaanguka kwa mizinga. Vitabu vya historia vya shule hulimaliza jambo hilo kwa kurasa mbili na tarehe. Edwin Semzaba, mtu wa jukwaa aliyefariki 2016, alitoa Marimba ya Majaliwa mwaka 2008, riwaya ya safari na vituko inayomzungusha kijana Majaliwa katika pembe za Tanzania. Kwa miaka mingi wakubwa waliamini kwamba kitabu cha kijana lazima kiwe na UKIMWI, mimba au dawa za kulevya ndani yake. Semzaba aliamini kijana anapenda pia kuchekeshwa.

Mwaka uleule wa 2008 ilianza Tanzania Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa na Mkanada William Burt kupitia CODE, kwa ajili ya riwaya za vijana. Iliwalipa waandishi vizuri, ikanunua nakala, ikasambaza. Elieshi Lema alikuwa miongoni mwa washindi, kwa riwaya inayohusu watoto wa mitaani Dar es Salaam. Ilikuwa na sharti moja: kitabu kiwe kwa Kiingereza. Hoja ya wafadhili ilieleweka, maana sekondari za Tanzania zinafundisha kwa Kiingereza na wanafunzi wanahangaika nacho. Matokeo yake ni kwamba waandishi kadhaa wa Kiswahili walio bora, walipopata nafasi adimu ya kulipwa kwa kuwaandikia vijana, walilazimika kuiacha lugha ambayo vijana hao wanaotea ndoto. Nchi iliyojivunia Kiswahili ilikubali masharti hayo kimyakimya.

Hapo pana tatizo la ndani zaidi. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania husoma karibu kila kitu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza lugha inabadilika, na Kiswahili kinabaki somo moja kati ya mengi, katika umri uleule ambao msomaji huwa anajengeka. Riwaya anazokutana nazo ni za orodha, na orodha ya Tanzania haina haraka. Kwa zaidi ya muongo mmoja wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamekuwa na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari na Takadini ya Ben Hanson. Si vitabu vibaya. Mbogo anawaonyesha Peter na Zita, watoto wa muuza chakula wa Dar es Salaam, wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na hakuna kijana anayehitaji kuelezwa umaskini huo ni wa nani. Takadini, kisa cha mama anayetoroka na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe, kilipata uzito wa kutisha pale mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa Kanda ya Ziwa. Lakini kitabu kikikaa katika mtihani miaka mingi hivyo, kinakoma kusomwa. Kaka anamwachia mdogo wake daftari la uchambuzi, vijitabu vya maswali na majibu vinauzwa stendi, na mwanafunzi anapata alama nzuri katika riwaya ambayo hajawahi kuifungua.

Kenya hubadilisha vitabu teule kila baada ya miaka michache, na hilo ni jambo la kuiga. Baada ya Kidagaa Kimemwozea ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, yenye majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi, na kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ambamo Mangwasha anakabiliana na ubaguzi wa kikabila na utawala wa Mtemi Lesulia. Wanawake wawili mfululizo, jambo ambalo miaka ya 1980 lisingefikirika. Kasoro yake ni kwamba orodha hii inapenda mno mafumbo ya kisiasa. Kijana wa Kenya anaweza kumaliza shule akidhani kila riwaya ya Kiswahili ina mtemi mbaya ndani yake.

Dalili za karibuni zinatia moyo kidogo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ikiwa na shilingi milioni 10 kwa mshindi wa kwanza na mpango wa kuifikisha miswada bora shuleni. Hadithi za watoto zimeongezwa katika nyanja zake. Vijana wa miaka 12 hadi 17 bado hawana nyanja yao.

Basi nini apewe kijana wa leo? Wa miaka kumi hadi kumi na miwili aanze na Ndoto ya Amerika, kisha Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, ambayo ni nyepesi na yenye mchezo zaidi kuliko ile ya 1940. Mwana Mdogo wa Mfalme, hadithi ya Saint-Exupéry iliyochapwa na Mkuki na Nyota, inafaa kusomwa na mtoto pamoja na mzazi. Akifika kumi na tatu apewe Marimba ya Majaliwa kwa ajili ya kucheka na utatu wa Mulokozi kwa ajili ya kutetemeka. Bwana Msa hajazeeka. Anayependa filamu za upelelezi ajaribu Mzimu wa Watu wa Kale.

Wa kumi na sita na kuendelea anaweza kubeba mzigo mzito. Siku Njema kwanza. Kisha Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambamo Yasmini anaozwa kwa Bwana Raza angali msichana wa miaka kumi na mitano na kutoroka kwake kunamwingiza katika harakati za uhuru wa Zanzibar. Filamu yake ya mwaka 2021 isimzuie mtu kusoma kitabu. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2018, inalitazama bila woga jambo la baba anayeitawala nyumba kwa ukatili. Na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf ana miaka kumi na miwili baba yake anapomtoa kwa mfanyabiashara Aziz kufidia deni. Hadithi ya kijana wa Afrika Mashariki, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ilichukua miaka 28 kufika katika lugha ya mji wake, na pengine isingefika kabisa kama mwandishi hangepewa Nobeli.

Majopo ya vitabu yanayokutana Dar es Salaam na Nairobi yangefanya vema kuwaita mezani wanafunzi wa kidato cha pili kabla ya kupiga kura, na kuweka kanuni kwamba kila orodha mpya iwe na angalau riwaya moja iliyotoka ndani ya miaka mitano. Nawe msomaji, utakapomnunulia mpwa wako kitabu Desemba hii, usianze kwa kuuliza kama kinatoka katika mtihani. Muulize mwenyewe ni kitabu gani alichokisoma mara ya mwisho bila kulazimishwa, kisha nenda dukani na jibu hilo.